Ikiwa Ni Kweli, Je? Jinsi Mahakama ya Rufani Inavyopima Ombi la Mshtakiwa Kutaka Ushahidi Wake Usikilizwe

Jose Padilla alikuwa dereva wa malori. Alizaliwa Honduras, akaishi Marekani kihalali kwa zaidi ya miaka 40, na wakati wa vita vya Vietnam alilitumikia jeshi la nchi hiyo. Alikamatwa katika jimbo la Kentucky na shehena ya bangi kwenye lori lake. Kwa maelezo yake, wakili wake alimwambia asihangaike na mambo ya uhamiaji, kwani ameishi nchini muda mrefu mno. Padilla akakiri kosa. Kumbe kosa la namna ile lilikuwa linafanya kufukuzwa kwake nchini kuwe jambo la karibu lazima.

Alipogundua, alirudi mahakamani kuomba maungamo yake yafutwe. Mahakama iliyomhukumu ikalikataa ombi bila kumsikiliza shahidi yeyote. Mahakama ya Rufani ya Kentucky ikasema hapana, shauri lirudi chini, ushahidi usikilizwe. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo nayo ikaufuta uamuzi huo, kwa hoja kwamba hata kama wakili alimwambia hivyo, Katiba haimlindi mtu dhidi ya ushauri mbaya kuhusu uhamiaji. Machi 31, 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani ikalipindua hilo kwa kura 7 kwa 2: wakili ana wajibu wa kumweleza mteja wake kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini.

Kesi hii hutajwa sana kwa sababu ya wajibu huo wa mawakili. Mimi naitaja kwa jambo jingine. Ilipanda ngazi zote hizo, hadi Washington, bila jaji hata mmoja kumweka wakili yule kwenye kiti cha shahidi na kumuuliza: ulisema hivyo, au hukusema? Kila ngazi ilikuwa inabishania kama swali hilo linastahili kuulizwa. Ubishi huo ndio ninaotaka kuufungua hapa, kwa sababu unawagusa ndugu zetu wengi kuliko wanavyojua.

Kinachoombwa ni nini hasa

Nitakiita kikao cha ushahidi. Si kesi mpya, na hakuna jopo la raia wa kuamua hatia. Jaji anakaa peke yake, shahidi anaapishwa, upande uliomwita unamuuliza, upande wa pili unamtwanga maswali ya dodoso, halafu jaji anaandika kipi kimethibitika na kipi hakikuthibitika. Mara nyingi asubuhi moja inatosha.

Kinahitajika kwa sababu kumbukumbu za kesi zina mipaka. Karani anaandika yanayosemwa mbele ya jaji. Haandiki yaliyosemwa korido, mahabusu, au kwenye simu usiku wa kuamkia kesi. Na mahakama ya rufani haina macho mengine zaidi ya jalada lile. Mahakama ya rufani hula kilichopakuliwa chini, yenyewe haipiki. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba wakili wake alimpotosha, au mwendesha mashtaka alimwahidi kitu kichinichini, au shahidi muhimu hakuitwa, ana lalamiko ambalo kwa asili yake haliko kwenye jalada. Asipopewa nafasi ya kuliingiza, rufaa yake imekufa kabla ya kuanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kitu cha karibu anachokijua: kesi ndani ya kesi. Mshtakiwa akipinga maelezo yake ya onyo, akisema aliyatoa kwa kipigo, mahakama inapaswa kusimamisha kesi kubwa kwanza na kuchunguza kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Jaji au hakimu akiyapokea bila uchunguzi huo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania huyaondoa kwenye kumbukumbu, kisha inatazama kama ushahidi uliobaki unaweza kubeba hukumu. Tofauti na Marekani iko kwenye wakati na tiba. Kesi ndani ya kesi hufanyika hukumu ikiwa bado haijatoka. Kikao ninachokizungumzia huombwa mara nyingi baada ya hukumu, na mrufani akishinda kwa kawaida hakuna kinachofutwa papo hapo. Shauri linarudi chini ili ushahidi usikilizwe, basi. Kwa walio Kenya, ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010 ndiyo jirani ya karibu zaidi, maana inamruhusu aliyemaliza rufaa zake kuomba kesi mpya akiwa na ushahidi mpya na mzito. Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza mwaka 2014, katika shauri la Kibisu, kwamba ushahidi mpya ni ule ambao usingepatikana wakati wa kesi hata kwa bidii ya kutosha.

Tofauti hiyo ya tiba nimeitaja kwa sababu inawavunja moyo watu. Familia inasikia "tumeshinda rufaa", inachinja mbuzi, kisha inaambiwa kijana bado yuko ndani, na kilichopatikana ni tarehe ya kusikilizwa. Lakini tarehe hiyo si kitu kidogo.

Jaji haulizwi kama anamwamini

Sasa tuje kwenye kiini. Ombi linapofika mezani, kishawishi cha jaji ni kuuliza: huyu mtu anasema kweli? Jaji aliyemhukumu anamkumbuka. Alimsikia kwa masikio yake akikiri. Anaona karatasi yenye saini yake. Ni rahisi sana kuandika "sikuamini" na kulifunga faili.

Swali hilo halijafika zamu yake. Katika hatua ya kuamua kama kikao kifanyike, jaji anatakiwa ayachukue madai kana kwamba ni ya kweli, kisha ajiulize: ikiwa ni kweli, je? Je, sheria ingempa mtu huyu nafuu? Kama jibu ni ndiyo, na jalada lenyewe halimkanushi waziwazi, mashahidi waitwe. Kuamini au kutoamini ni kazi ya kikao chenyewe, baada ya kiapo na dodoso.

Mfano wa zamani ni shauri la Machibroda, lililoamuliwa mwaka 1962. Alikiri wizi wa benki Ohio mwaka 1956, akafungwa miaka 40: kifungo cha miaka 25 kikifuatiwa na kingine cha 15. Baadaye akadai mwendesha mashtaka msaidizi alimtembelea mahabusu na kumwahidi kwamba adhabu haitazidi miaka 20, akimwonya asimwambie wakili wake. Mwendesha mashtaka akaapa kwa maandishi kwamba hakusema hivyo. Jaji akavisoma viapo vyote viwili, akamwamini mmoja, akalitupa ombi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikiri kwamba madai yale huenda ni vigumu kuyaamini. Hata hivyo ikasema jaji alikosea, kwa sababu yalikuwa madai mahsusi, yenye siku na mahali, kuhusu maongezi yaliyofanyika nje ya mahakama, na jalada halikuwa na neno lolote la kuyakanusha. Viapo viwili vya karatasi vinapogongana, mshindi hapatikani kwa kutazama nani anavaa tai.

Msingi wake ni sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima na si ya jimbo moja, ambayo maneno yake ningependa kila mfungwa ayajue: mahakama itasikiliza isipokuwa pale ambapo ombi na kumbukumbu za kesi zinaonyesha bila shaka kwamba mfungwa hastahili nafuu yoyote. Tazama mzigo umewekwa wapi. Mfungwa hatakiwi kuonyesha bila shaka kwamba anastahili. Ni kumbukumbu ndizo zinazotakiwa kuonyesha bila shaka kwamba hastahili.

Miaka 15 baadaye ukaja mtihani mgumu zaidi, shauri la Allison wa North Carolina. Alikiri kosa mbele ya jaji, na jaji akamsomea maswali kutoka kwenye fomu iliyochapwa. Swali moja lilikuwa la namna hii: mwendesha mashtaka, wakili wako, polisi au mtu mwingine yeyote amekuahidi au kukutisha ili ukiri? Jibu lililoandikwa: hapana. Akapewa miaka 17 hadi 21. Kisha akadai wakili wake alimwambia ni miaka 10 tu, akamtaja mtu aliyekuwepo wakati ahadi ikitolewa, akaeleza kwamba aliambiwa ajibu "hapana" ili mpango upite. Je, mtu anaweza kuyakana maneno yake mwenyewe aliyoyasema mahakamani? Mahakama ya Juu ikajibu mwaka 1977 kwamba tamko la wazi mahakamani lina uzito mkubwa, lakini si ukuta usiopitika. Mambo mawili yalimsaidia Allison: alitoa maelezo ya kina badala ya malalamiko ya jumla, na jalada lilikuwa na fomu tu, bila kumbukumbu ya maneno yote yaliyosemwa siku ile.

Karatasi inayobeba kila kitu

Ikiwa madai yanachukuliwa kuwa kweli, mbona maombi mengi hukataliwa? Kwa sababu mengi hayana madai ya kuchukuliwa. Yana maoni. "Wakili wangu hakunitetea vizuri" ni maoni. "Sikuelewa nilichokuwa nakifanya" ni maoni. Jaji hawezi kuyachukua kama kweli na kuona yanamfikisha wapi, kwa kuwa hayaendi popote.

Jimbo la Wisconsin limelieleza jambo hili kwa uwazi ninaoupenda. Katika shauri la Allen la mwaka 2004, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema ombi linalotosha ni lile linalojibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Nani alisema? Alisema nini? Wapi, lini? Kwa nini lina uzito? Lingebadilisha matokeo vipi? Mwandishi wa habari yeyote anayajua maswali hayo. Mtu aliyeko gerezani, asiye na wakili, anayeandika kwa lugha ya tatu, hayajui, na sheria haimfundishi mapema.

Swali la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Tangu shauri la Strickland la mwaka 1984, anayemlalamikia wakili wake lazima aonyeshe mambo mawili: kwamba wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na kwamba jambo hilo lilimwathiri. Mwaka 1985, katika shauri la Hill wa Arkansas, ikaelezwa kwamba kwa aliyekiri kosa, kuathirika maana yake ni kwamba asingepotoshwa asingekiri. Angeng'ang'ania kesi isikilizwe. Hill alikuwa ameambiwa angeanza kufikiriwa kuachiwa kwa masharti kabla ya muda baada ya theluthi moja ya kifungo, kumbe kwa kuwa alikuwa na kosa la awali ilikuwa nusu. Kosa la wakili likaonekana. Lakini hakuna mahali katika ombi lake alipoandika kwamba angejua ukweli angeenda kwenye kesi. Sentensi moja. Mahakama ikasema kikao cha ushahidi hakikuwa lazima.

Miaka 11 baadaye ikajirudia Wisconsin, karibu neno kwa neno. Bentley aliambiwa angeweza kufikiriwa kuachiwa baada ya miaka 11 na miezi 5. Hesabu sahihi ilikuwa miaka 13 na miezi 4. Mahakama ya Rufani ikaagiza kikao kifanyike. Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa: ombi halikueleza kwa nini tofauti ile ingemfanya achague kesi badala ya kukiri. Sipendi matokeo yale. Naona ingetosha kumrudishia ombi alirekebishe. Lakini kanuni yenyewe naielewa: kama hata ukiamini kila neno la ombi mtu bado hapati nafuu, mashahidi waitwe wakaseme nini?

Macho mawili ya mahakama ya rufani

Shauri hilo la Bentley ndilo linaloeleza vizuri zaidi kazi ya mahakama ya rufani yenyewe, na hapa ndipo wanaosoma hukumu hizi kwa mara ya kwanza hupotea njia. Mahakama ya rufani haina kipimo kimoja. Inatazama kwa jicho moja kisha kwa la pili.

Jicho la kwanza linaisoma karatasi. Je, madai yakiwa kweli, yanampa mshtakiwa nafuu? Hilo ni swali la sheria tupu. Jaji wa chini hana faida yoyote katika kulijibu. Karatasi aliyoisoma yeye ndiyo hiyohiyo waliyonayo majaji wa rufani. Kwa hiyo wanalijibu upya kabisa, bila kumstahi. Vivyo hivyo kwa swali kama jalada linayakanusha madai waziwazi. Wakiona ombi linatosha na jalada halikanushi, kikao ni haki ya mshtakiwa, na jaji wa chini hakuwa na hiari ya kukinyima.

Jicho la pili linafunguka pale tu ombi linapokuwa pungufu, au la maneno ya jumla, au lililokanushwa na jalada. Hapo jaji alikuwa na hiari ya kukubali au kukataa, na mahakama ya rufani inampa nafasi. Haiulizi kama ingeamua hivyohivyo. Inauliza kama aliitumia hiari kwa namna inayokubalika: alitazama mambo yanayohusika, akafuata sheria iliyo sahihi, akatoa sababu? Wisconsin inasisitiza jaji aziandike sababu zake. Amri ya mstari mmoja, "ombi limekataliwa", haimpi mtu wa juu kitu cha kupima.

Ukiisoma hukumu ya rufaa ukajua ni jicho gani linatumika, unaweza kubashiri mwisho wake ukiwa ukurasa wa tatu. Wakili wa serikali ataivuta mahakama kwenye hiari: jaji alimjua mtu huyu, tumwachie. Wakili wa mrufani atavuta upande wa pili: hii ni karatasi, isomeni wenyewe. Wakati mwingine rufaa nzima ni mvutano huo tu.

Upande wa shirikisho unatumia zaidi lugha ya hiari, lakini nayo ina kamba: jaji aliyekosea sheria ametumia hiari vibaya kwa kukosea kwenyewe. Shauri la Landrigan wa Arizona, mwaka 2007, linaonyesha ukomo wake. Alipatikana na hatia ya mauaji. Siku ya adhabu wakili wake alitaka kumwita mama mzazi wa mshtakiwa na aliyekuwa mkewe wamwombee, yeye akakataa. Akamwambia jaji kwamba kama anataka kumpa adhabu ya kifo, basi ailete tu, yuko tayari. Miaka baadaye akadai wakili hakufanya uchunguzi wa kutosha, na kwamba ushahidi wa aina nyingine angeukubali. Mahakama ya Rufani ikaagiza asikilizwe. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ikasema jaji alikuwa na haki ya kukataa, kwa kuwa maneno yake mwenyewe kwenye kumbukumbu yalikuwa yameshayajibu madai. Majaji wanne waliopinga waliona mtu mwenye historia ngumu ambayo hakuna aliyeifungua. Landrigan aliuawa kwa sindano ya sumu Oktoba 2010.

Wakili kwenye kiti cha shahidi

Wisconsin kikao hiki kina jina la mtu: Machner, kutokana na shauri la mwaka 1979. Mahakama ya Rufani ya jimbo ilisema anayemlalamikia wakili wake hawezi kushinda mpaka wakili huyo aletwe aeleze kwa nini alifanya alichofanya. Ni kanuni ya haki kwa pande zote. Labda wakili hakumwita shahidi kwa sababu alijua shahidi angeharibu. Labda alisahau. Kumbukumbu za kesi hazitofautishi mkakati na usahaulifu. Kwenye karatasi vyote viwili ni ukimya.

Kwa hiyo kumnyima mtu kikao, pale anapokistahili, ni kumnyima rufaa yenyewe. Bila ushuhuda wa wakili, mahakama ya juu itasema haiwezi kujua. Na bila agizo la mahakama ya juu, wakili hataitwa. Mtu anazungushwa.

Hali ilibanwa zaidi na sheria ya mwaka 1996 iliyopunguza nafasi ya mahakama za shirikisho kusikiliza ushahidi mpya kutoka kwa wafungwa wa majimbo. Mwaka 2011, katika shauri la Pinholster, ikaamuliwa kwamba pale mahakama ya jimbo ilipokwisha amua dai, mahakama ya shirikisho ipime uamuzi huo kwa jalada lilelile la jimbo. Mwaka 2022 likafuata shauri lililonihuzunisha kuliko yote. Barry Jones alikuwa amehukumiwa kifo Arizona kwa kifo cha mtoto wa miaka minne. Jaji wa shirikisho alikaa siku saba akisikiliza ushahidi, wakiwemo wataalamu wa tiba, akaona kwamba wakili wa kesi alishindwa kuchunguza jambo la msingi: majeraha ya mtoto yalitokea lini. Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 6 kwa 3 kwamba ushahidi ule haukuwa wa kuzingatiwa, maana haukupelekwa mapema kwenye mahakama za jimbo. Na haukupelekwa kwa sababu wakili aliyefuata naye alizembea. Siku saba za ushahidi zikawa kana kwamba hazikutokea. Jones alitoka gerezani Juni 2023, si kwa amri hiyo, bali kwa makubaliano mapya na jimbo.

"Ndiyo" yetu kwenye kumbukumbu zao

Narudi kwa watu wetu. Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamepelekwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Kijana akikamatwa, uwezekano mkubwa kesi yake itaishia kwenye makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ambao Tanzania nayo iliuingiza kwenye sheria zake mwaka 2019. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja mwaka 2012 kwamba hukumu 97 kati ya 100 za shirikisho, na 94 kati ya 100 za majimbo, hutokana na kukiri.

Siku ya kukiri, jaji anasoma maswali, mkalimani anatafsiri, kijana anajibu. Chukua swali moja: "Hujaahidiwa chochote?" Mswahili asiyeahidiwa kitu atajibu "Ndiyo", akimaanisha ndivyo ulivyosema, sijaahidiwa. Mwingereza katika hali hiyohiyo angejibu "hapana". Mkalimani mzuri anaugeuza. Mkalimani aliyechoka, au anayesaidia kwa simu yenye mikwaruzo, anaweza kuuacha ulivyo. Ongeza kwamba aliyekulia Bukavu amezoea kusikia avoka (wakili) na tribinali (mahakama), na mkalimani wake pengine alijifunza Kiswahili cha Dar es Salaam. Ongeza pia adabu yetu: mkubwa akikuuliza umeelewa, unasema nimeelewa.

Kumbukumbu za kesi zinabeba Kiingereza peke yake. Kiswahili kilichosemwa hakimo. Majaji wa rufani wakisoma, wataona mtu aliyejibu vizuri kila swali. Kosa la tafsiri ni mfano kamili wa jambo lisiloweza kuonekana bila kikao, na ni kosa linalohitaji karatasi yenye nani, lini, wapi. Kwa hiyo jamaa walio nje wana kazi ya kufanya mapema: kutunza ujumbe wa simu uliotumwa na wakili, kuandika tarehe alizomtembelea ndugu yao, jina au namba ya mkalimani, nani alikuwemo chumbani. Kuna ukomo wa muda pia; katika mahakama za shirikisho kwa kawaida ni mwaka mmoja tangu hukumu iwe ya mwisho.

Na kikao kikipatikana, kinaweza kufungua kitu ambacho hakuna karatasi ingekifungua. Jae Lee aliingia Marekani kutoka Korea Kusini mwaka 1982 akiwa na miaka 13, akakua, akafungua migahawa miwili Memphis. Mwaka 2009 alishtakiwa kwa dawa za kulevya. Wakili wake akamhakikishia hatafukuzwa. Siku ya kukiri jaji alimuuliza kama uwezekano wa kufukuzwa unaathiri uamuzi wake. Akajibu: ndiyo, mheshimiwa. Unauathiri vipi? Lee akasema: sielewi, akamgeukia wakili wake. Wakili akamwambia hilo ni onyo la kawaida tu. Lee akaendelea, akakiri, akapewa mwaka mmoja na siku moja, na amri ya kufukuzwa ikiwa inamsubiri.

Alipata kikao chake cha ushahidi. Lee aliapa akasema kwamba kubaki nchini ndiko kulikokuwa kila kitu kwake. Kisha akakaa wakili wake kwenye kiti hichohicho. Akakiri kwamba utetezi wa Lee ulikuwa dhaifu, lakini angejua kwamba kukiri kungemfukuzisha, angemshauri aende kwenye kesi. Mahakama mbili za chini bado zilimkatalia, zikisema hakuwa na utetezi wa maana hivyo hakuathirika. Juni 2017 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 kwa 2, ikayageuza maamuzi yao, ikiegemea ushuhuda ule wa watu wawili waliokaa kwenye kiti kimoja, na yale maneno machache ya siku ya kukiri, alipogeuka kumtazama wakili wake.